Namna ya Kujifunza Uhandisi wa Ujenzi kwa Utaratibu wa West Point ya Kale

Anayetaka kufuata utaratibu ambao Sylvanus Thayer aliusimamia katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, kati ya 1817 na 1833, asianze na madaraja. Aanze na hisabati na Kifaransa, maana vitabu bora vya fani hiyo wakati ule viliandikwa Ufaransa, na makadeti walitumia miaka miwili ya kwanza kwa masomo hayo hasa. Uhandisi wenyewe ulingoja mwaka wa nne.

Hatua inayostahili muda mwingi zaidi ni ile ya kuchora umbo la pande tatu kwenye karatasi bapa, somo ambalo Claudius Crozet, mwanafunzi wa zamani wa École Polytechnique, chuo cha uhandisi cha Paris, alilifundisha kwa ubao na chaki. Chukua jiwe moja la tao, chora linavyoonekana kutoka juu, kisha, katika nafasi iliyo wazi upande wa juu wa mchoro huo, lichore linavyoonekana kutoka mbele, ukiunganisha kila kona na mwenzake kwa mstari wima. Kona na mwenzake zisipokaa kwenye mstari mmoja wima, kosa limo katika vipimo.

Baada ya hapo fuata fizikia na kemia, ndipo uingie kwenye mawe, chokaa, mbao, barabara na mifereji, mambo aliyoyafundisha Dennis Hart Mahan, aliyewahi kusoma katika shule ya kijeshi ya uhandisi huko Metz, Ufaransa. Kila siku simama ubaoni ueleze somo mbele ya wenzako wachache, nawe upewe alama papo hapo. Ni utaratibu mkali, lakini haumpi mvivu pa kujificha.