Kulinganisha Draiva ya Kerneli na Vipimo vya ACPI
Kabla ya kugusa msimbo wa draiva, soma toleo la vipimo vya ACPI (kiwango kinachoeleza jinsi mfumo endeshi unavyopata taarifa za maunzi na usimamizi wa nishati) ambalo femuwea, yaani programu iliyo ndani ya maunzi, inafuata, kisha ulinganishe kila sehemu ya jedwali la data ambalo femuwea hutoa na muundo (struct) uliotangazwa katika kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kichwa cha kawaida cha jedwali kina baiti 36, zikiwemo saini ya herufi 4, urefu wa jedwali zima, toleo, na baiti ya uhakiki inayofanya jumla ya baiti zote igawanyike kwa 256 bila baki. Hatua ninayoisisitiza zaidi ni hii: draiva isisome kamwe sehemu iliyoongezwa katika toleo jipya kabla ya kuhakikisha kwamba urefu uliotajwa unaifikia, kwa kuwa jedwali la zamani huishia kabla yake. Hakikisha pia kwamba kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) haiachi nafasi tupu kati ya sehemu za muundo.