Kuchagua Flashi ya Kuwapigia Picha Warukaji wa Forodhani

Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Zanzibar, jua linapozama, hukaa hewani kwa muda mfupi mno, na giza likishaingia kinachowagandisha pichani si kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) bali ni muda ambao flashi yenyewe inawaka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza muda huo. Flashi ndogo ya kupachikwa juu ya kamera, ikitumika kwa nguvu zake zote, huwaka kwa takriban 1/300 ya sekunde, muda unaotosha kuufanya mkono wa mrukaji utoke na ukungu. Ikipunguzwa hadi 1/16 ya nguvu, huwaka kwa muda usiofika 1/2000 ya sekunde, tena huchaji upya haraka sana. Ndiyo maana binafsi napendelea flashi mbili za kawaida, zikiwashwa pamoja kwa nguvu ndogo, kuliko moja kubwa.

Kwenye kamera nyingi, kasi ya juu kabisa ya shata inayoenda sambamba na flashi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Uwezo wa flashi wa kuvuka kasi hiyo hufaa jua likiwapo, ingawa hupunguza sana mwanga wake. Nunua pia kiwashio cha redio, kinachoiwasha flashi bila waya, ili flashi ikae pembeni ya mrukaji, na mfuko wa mchanga wa kuzuia stendi isiangushwe na upepo.