Gunia la mboga kibarazani: usitupe maganda, usimwage maji ya mchele

Nyumba nyingi za mjini hununua mboga kila jioni, na usiku huohuo ndoo ya taka inajaa maganda ya ndizi, majani ya chai na mabua ya mchicha. Hiyo ni mbolea inayotupwa. Mwenye kibaraza kinachopata jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku anaweza kupunguza sana gharama ya mboga kwa magunia mawili matatu yaliyokwisha kubebea mchele au mkaa.

Tangulia na mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, maana ndiyo inayokawia. Chukua ndoo iliyopasuka, itoboe chini na ubavuni. Tandaza majani makavu, juu yake mabaki mabichi ya jikoni yaliyokatwakatwa, kisha udongo kidogo. Endelea hivyo hadi ijae. Nyama, samaki na mafuta visiingie, huita panya na nzi. Ikinuka uvundo, maji yamezidi: ongeza majani makavu na uigeuze. Baada ya miezi 3 hivi itakuwa nyeusi, laini, na yenye harufu ya udongo tu.

Sasa gunia lenyewe. Wengi hushindwa kwenye maji: wanajaza udongo mtupu, wanamwagilia juu, na miche ya ubavuni inakauka wakati ya juu inaoza. Dawa yake ni nguzo ya kokoto. Kata kopo kubwa la maziwa ya unga pande zote mbili libaki bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha zungushia mchanganyiko wa udongo ndoo 2 kwa mboji au samadi iliyooza ndoo 1. Vuta kopo juu taratibu, kokoto zibaki, jaza tena, mpaka karibu na mdomo wa gunia. Maji ukiyamwaga juu ya kokoto yatashuka na kusambaa hadi chini.

Toboa ubavuni matundu yanayoachana sentimita 20 hadi 30, kwa mpangilio wa kupishana. Pandikiza jioni. Sukuma wiki hukaa vizuri ubavuni; matembele yanaota kwa vipande vya marando (mashina ya viazi vitamu) tu, huhitaji kununua mbegu. Juu weka vitunguu au nyanya.

Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda yanafaa kabisa. Yenye chumvi, mafuta au dawa ya madoa yaache.

Kwenye vyombo nasisitiza: dumu lililobeba dawa ya wadudu au oili ya gari lisipandwe chakula, hata ulioshe vipi. Magunia ya mbegu zilizopakwa dawa nayo uyaache.

Vidukari wakijitokeza chini ya majani, wapanguse kwa maji yenye sabuni kidogo ya mche kabla hawajaenea. Vuna majani ya chini, kiini kibaki. Sukuma wiki ikirefuka na kuchoka, vunja machipukizi ya pembeni uyapande. Yatatoa mizizi bila kurudi dukani. Mchicha, acha shina moja lenye afya litoe mbegu.

Jua litalichakaza gunia. Likianza kuchanika, mwaga udongo, okota kokoto, changanya mboji mpya, na msimu huo palipokuwa na sukuma wiki panda matembele au mchicha.