Msumari kwenye ndoo ya mrututu

Kabla hujapulizia mrututu na chokaa, dawa ya kuzuia ukungu, kwenye kahawa, tumbukiza msumari mpya wa chuma ndani ya ndoo ya dawa hiyo, subiri dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu kama senti ya zamani, dawa hiyo itaunguza majani. Ongeza maji ya chokaa kidogo kidogo, koroga, jaribu tena na msumari mwingine.

Utando ule ni shaba. Mrututu ni chumvi ya shaba, na kwenye maji matupu huyeyuka wote, maji yakawa ya buluu na makali. Humo chuma hakivumilii: kinayeyuka, na shaba inatoka majini kuganda mahali pake. Kwa hiyo debe la bati usiliguse, utapoteza debe na dawa kwa pamoja. Ndoo iwe ya plastiki.

Chokaa inaua ule ukali, na shaba ikikutana nayo haikai tena imeyeyuka. Inakuwa chembe laini za buluu zinazoelea. Wapo wanaozimwaga wakidhani dawa imekatika, kumbe ndiyo dawa yenyewe! Zikikauka juu ya jani mvua haizisombi kirahisi, na umande unayeyusha shaba chache chache, kiasi cha kuua mbegu za ukungu wa kutu ya majani na wa chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) kabla hazijaota. Zikishaota umechelewa, kwa hiyo pulizia mapema.

Kwa lita 10, yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 8 za maji. Chokaa ya unga, gramu 100 hadi 150, ikoroge katika lita 2. Mimina mrututu kwenye chokaa huku unakoroga, chuja kwa kitambaa, maliza siku hiyohiyo. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi imeshapigwa na hewa na nguvu yake imekwisha. Mara nyingi msumari mwekundu chanzo chake ni hapo.

Usichanganye na mbolea ya majani yenye asidi, maana asidi huyeyusha shaba upya na majani yanaungua. Siki nayo ni asidi, ndiyo maana inang'arisha pua ya bomba iliyozibwa na ukoko wa buluu. Suuza vizuri baadaye, ila si kwenye mfereji, shaba inaua samaki. Nyasi za chini ya mibuni iliyopuliziwa usimkatie kondoo. Sumu ya shaba humdhuru upesi kuliko ng'ombe.