Kabla hujaleta vifaranga, fungua bomba la maji uangalie ndani

Wafugaji wenzangu wa Dar, kama banda lako saiv liko tupu na vifaranga umeshalipia, naomba kabla hujamwaga maranda tuanze na maji. Bechi yangu moja ya broila pale Kibamba ilianza kufa siku ya 5, nikampigia aliyeniuzia vifaranga nikamlaumu weee, nikanunua antibayotiki, wakatulia siku tatu, wakaanza tena. Daktari wa mifugo alipofika hata kuku hakuwagusa kwanza, akafungua kifuniko cha mwisho wa bomba lile lenye chuchu za kunywea, akaingiza kidole, kikatoka na ute wa kahawia unavutika kama mlenda. Na banda nilikuwa nimelipulizia dawa vizuri kabisa, ila bomba nilipitisha maji tu basi.

Ule ute ndo unaitwa bayofilmu. Bakteria wakishajishika kwenye plastiki wanatoa utando wa sukari na protini wanajifunika nao, kama ule utando unaoamka nao kwenye meno, halafu wanaishi humo wengi pamoja, E. coli, salmonela na wengineo, na kila muda kuna vipande vinabanduka vinaenda na maji mpaka mdomoni kwa kifaranga. Wale wa ndani wanakua polepole sana, na antibayotiki nyingi zinafanya kazi vizuri kwa bakteria anayekua haraka, ndo maana unatibu leo, wiki ijayo ugonjwa uleule. Hata ukipeleka mizoga maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari) pale Temeke (na upeleke kweli, usikisie dawa) jua kipimo cha dawa ipi inaua kwa kawaida kinafanywa kwa bakteria walio peke yao bila ule utando, kwa hiyo dawa inaweza kufaulu maabara ikashindwa bandani kwako kwa sababu chanzo bado kiko kwenye bomba.

Sasa kazi yenyewe ifanye banda likiwa tupu, kuku wakishaingia huwezi tena kutumia dawa kali. Anza na tangi, wengi tunalisahau kwa sababu liko juu, mwaga maji yote, sugua kuta na chini kwa brashi na sabuni, suuza. Drinka (vile vyombo vya kunyweshea) na ndoo hivohivo ila tafadhali acha stilwaya, inachubua plastiki na ile michubuko ndo bakteria wanapojificha. Usianze na klorini kwenye uchafu, inaishia kupambana na ule ute wa juu nguvu inakwisha, wa chini wako salama. Sugua kwanza, dawa baadae.

Bomba huwezi kulisugua ndani, kwa hiyo fungua mwisho wake upitishe maji kwa presha mpaka yatoke meupe, kisha jaza dawa ya mabomba ya mifugo, zile zenye haidrojeni peroksaidi zinabandua ute vizuri, pima kama kibandiko kinavyosema, gusa kila chuchu mpaka itoe tone la dawa, acha muda ulioandikwa, halafu suuza tena sana. Wenye visima vya maji ya chumvi angalieni ile chokaa nyeupe, ute unaishika kirahisi, inatolewa kwa dawa ya asidi LAKINI asidi usichanganye na klorini hata kidogo, inatoa gesi inayoua mtu. Siku tofauti, na suuza katikati.

Ukimaliza futa ndani ya mdomo wa bomba pale mwisho ulipofungua kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi au kinateleza, rudia.

Kuna kingine hiki, glukosi na vitamini. Wote tunawapa vifaranga siku ya kwanza, sawa, ila ile sukari ikilala kwenye bomba na joto la Dar hili na vifaranga wadogo wanakunywa kidogo kidogo maji hayatembei, umewalisha bakteria. Mi siku hizo natumia drinka za mkono, naziosha asubuhi na jioni, bomba nafungulia baadae. Na kama huwa unatia klorini kwenye maji, isitishe kabla ya siku ya chanjo ya maji, maana inaua chanjo hai (zenye virusi hai) za magonjwa ya Newcastle na Gumboro, siku hiyo tumia maji yasiyo na klorini, watu wengi huongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita kuilinda chanjo. Chanjo ikiisha pitisha maji safi bombani jioni ileile, maana hayo maziwa nayo ni chakula cha bakteria.