Kuuza kwa Nyota Ndani ya Programu Ndogo za Telegram

Tangu Juni 2024, Telegram inataka bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya boti (akaunti zinazoendeshwa na programu badala ya mtu) na programu zake ndogo zilipiwe kwa Nyota, sarafu yake ya ndani ambayo wanunuzi wengi huipata kupitia duka la Apple au la Google. Khanga au kitabu cha karatasi vinaweza kulipiwa kwa njia nyingine, hivyo mwongozo huu unamhusu anayeuza michezo, mazoezi ya mitihani na mfano wa hayo.

Hatua ya 1. Sajili boti kwa BotFather, boti rasmi ya Telegram ya kutengenezea boti nyingine, kwa amri ya /newbot. Tokeni utakayopewa, yaani msimbo wa siri wa boti, ndiyo ufunguo wa duka lako, kwa hiyo ikae kwenye seva na isionekane kamwe katika kurasa anazopakua mteja. Kisha mpe BotFather anwani ya HTTPS ya programu yako, ambayo kwa hakika ni tovuti ya kawaida inayofunguka ndani ya Telegram.

Hatua ya 2. Thibitisha aliyeingia. Taarifa zake huja katika initData, data ambayo Telegram huipa programu yako inapofunguliwa, zikiwa na muhuri wa HMAC-SHA-256 unaokokotolewa kwa tokeni yako, na seva yako inapaswa kuukokotoa upya na kuulinganisha kabla ya kumwamini mtu yeyote.

Hatua ya 3. Tengeneza ankara kwa createInvoiceLink, mojawapo ya amri ambazo seva yako huituma Telegram, ukiandika XTR (alama ya Nyota) mahali pa sarafu, ukiacha tokeni ya mtoa huduma wa malipo ikiwa tupu, na kuweka bei moja tu. Ukitaka usajili unaojirudia, muda wake ni sekunde 2592000, yaani siku 30.

Hatua ya 4. Hapa ndipo pesa hupotea. Mteja anapobonyeza kulipa, seva hupokea pre_checkout_query, swali la Telegram kama malipo yaendelee, na ina sekunde 10 za kujibu. Ikichelewa, malipo hayafanyiki. Katika programu yangu ya kwanza nilifungua mazoezi mara tu simu ya mteja iliposema kwamba amelipa, na haikuchukua muda mtu mmoja akayachukua yote bila kutoa hata Nyota moja, kwani anayeijua JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, anaweza kuufanya ukurasa useme lolote. Toa bidhaa pale tu seva inapopokea successful_payment, taarifa ya Telegram kwamba malipo yamekamilika. Hifadhi pia telegram_payment_charge_id, namba ya malipo iliyomo ndani yake, kwa sababu bila namba hiyo huwezi kurudisha malipo, na ndiyo itakayokuzuia usitoe bidhaa mara mbili taarifa ileile ikiletwa tena.

Hatua ya 5. Weka amri ya /paysupport, ambayo mteja huitumia kuomba msaada wa malipo, na urejeshe Nyota kwa amri ya seva ya refundStarPayment. Mimi sibishani na mteja juu ya Nyota 50. Muda wa ubishi ni ghali kuliko Nyota zenyewe.

Hatua ya 6. Kutoa mapato. Nyota hukaa siku 21 kabla ya kutolewa, kiwango cha chini ni 1000, na hutolewa kupitia tovuti ya Fragment kwa Toncoin, sarafu ya kidijitali. Washa mapema nywila ya uthibitishaji wa hatua mbili, maana utaombwa. Kwa kuwa Nyota moja humpa mtengenezaji takriban dola 0.013, Nyota 1000 ni kama dola 13: panga bei kwa hesabu hiyo, wala si kwa kiasi anacholipa mnunuzi dukani, ambacho ni kikubwa zaidi.

Anayewalenga watahiniwa wa Kenya azingatie pia kalenda. Novemba 2023 na Novemba 2024 Telegram ilizuiwa nchini humo wakati wa mitihani ya KCSE, ya kumaliza sekondari, kwa hiyo mazoezi yauzwe kuanzia Agosti, na usajili usivuke Oktoba.