Kutafuta jeni za vimeng'enya vinavyopachika sukari katika bakteria wa udongo wa Rungwe

Somo hili ni la wanachama wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao maabara zao zina mashine ya PCR, ya kunakili vipande vya DNA, lakini hazina ya kusoma jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Eritromisini, kiuavijasumu kinachouzwa katika maduka ya dawa, ni pete ya atomi 14 iliyobeba sukari mbili, desosamini na kladinosi. Ukiivua sukari hizo, pete inayobaki haiui bakteria. Vimeng'enya vinavyozipachika ndivyo tunavyovitafuta.

Hatua ya kwanza ni udongo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, chimba sentimita 10 hivi, kisha anika sampuli kivulini kwa wiki moja, kwa maana ukavu huua bakteria wengi na kuziacha hai mbegu za jamii ya Streptomyces, bakteria wa udongo wanaotengeneza viuavijasumu vingi. Zioteshe kwenye agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya wanga na kasini katika nyuzi 28 kwa siku 7 hadi 14. Usitegemee joto la chumba, hasa mwezi wa Juni, kwa kuwa baridi ya Tukuyu haina huruma. Chagua koloni ngumu zenye vumbi juu, zinazonukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza.

Hatua ya pili ni kutoa DNA. Anza na lisozaimu, kimeng'enya kinachobomoa ukuta wa bakteria, kwa sababu ukuta wa bakteria hawa ni mnene. Mengine ni ya kawaida.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Wanaoanza huunda praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za jeni ya kipachika sukari chenyewe, wakati vimeng'enya hivyo vinatofautiana mno hata ndani ya ukoo mmoja. Mimi hushauri kumtafuta jirani, yaani jeni inayokaa karibu nayo. Sukari nyingi za aina hii huanzia kwenye glukosi iliyofungwa kwa dTDP (molekuli inayoibeba), ambayo kimeng'enya kiitwacho 4,6-dehidratasi huigeuza kabla ya vingine kuishughulikia, na jeni ya kimeng'enya hicho imebadilika kidogo tu kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa jeni za kutengeneza kiuavijasumu kimoja kwa kawaida hukaa pamoja, ukimpata jirani huyo umeukaribia mlango unaoutafuta.

Hatua ya nne, peleka DNA ya koloni zilizotoa jibu kwenye PCR ya dehidratasi ikasomwe jenomu nzima, kisha ipitishe kwenye antiSMASH, programu isiyolipiwa inayotafuta makundi ya jeni za kutengeneza viuavijasumu. Jihadhari na MurG, kipachika sukari cha kujenga ukuta wa seli, ambacho karibu kila bakteria anacho. Hata dehidratasi yenyewe hutumika kutengeneza ramnosi ya ukuta, hivyo jeni isiyo na majirani wa kutengeneza pete au sukari nyingine iache.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo Mwalimu. DNA yangu ni safi, lakini PCR haitoi kitu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Jenomu ya Streptomyces ina G na C kiasi cha asilimia 72, hivyo nyuzi mbili za DNA yake haziachani kirahisi. Ongeza DMSO, kemikali inayosaidia nyuzi hizo kuachana, asilimia 5 na upandishe joto la kutenganisha hadi nyuzi 98, iwapo polimerasi yako, kimeng'enya kinachonakili DNA, inalistahimili.

Mwanachama wa Njombe: Nimepata jeni inayofanana na EryCIII, kipachika desosamini cha eritromisini. Je, niandike kwamba inapachika desosamini?

Jibu: Usiandike bado, ndugu yangu. Mfanano hukuonyesha ukoo wa kimeng'enya, haukutajii sukari yake. Tazama kwanza kama pembeni yake ipo jeni inayofanana na EryCII, kwa kuwa EryCIII hufanya kazi vizuri ikisaidiwa nayo, na kama jeni za kutengeneza desosamini zimekamilika. Kisha ivunje jeni hiyo na upime zao la bakteria kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli: zao lenye desosamini likivunjwa humo hutoa alama ya uzito wa 158, na kama dai lako ni kweli, alama hiyo itatoweka kwa bakteria uliyemvunjia jeni.